Gitaa Jekundu na Mstari wa Alhamisi

Kengele ya saa tisa ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia langoni kama kawaida yao, lakini Bi Nyuzi alishika njia ya chumba cha muziki, kile cha mwisho kabisa, kilichopakana na ghala la madawati mabovu. Alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, visigino ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mwalimu wa muziki alikuwa mtu mpole asiyejua kugomba, ila ukikanyaga na viatu sakafu yake iliyopigwa deki, siku hiyo utamjua vizuri.

Bi Nyuzi halikuwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Alipewa na mama yake, fundi cherehani, siku alipokuta kisanduku chake cha nyuzi kitupu na mtoto wa miaka mitano amezitandaza zote juu ya kopo la maziwa, anazidonoa kwa kidole huku amefumba macho. Mama alitaka kugomba akaishia kucheka. Sasa Bi Nyuzi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kikundi cha muziki cha shule.

Wiki hiyo chumbani kulikuwa na magitaa mawili ya umeme. Gitaa la zamani la shule lilikuwa limevunjika shingo, na mwenye duka la muziki alikubali kuwaazima mawili hadi Ijumaa ili shule ichague moja la kununua. La kwanza lilikuwa la kahawia, la kampuni isiyojulikana, bei yake nafuu. La pili lilikuwa jekundu, linang'aa, na kichwani mwake jina la kampuni limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Jina hilo walilijua hata watu wasiojua muziki. Bei ya jekundu moja ingeweza kununua ya kahawia manne.

"Wewe ndiye utakayelipiga," mwalimu alimwambia, akimkabidhi daftari jembamba. "Jumatatu na Jumanne piga la kahawia. Jumatano na Alhamisi piga jekundu. Kila siku andika humu ulichokisikia na ulichokiona, kizuri na kibaya. Mimi nitanunua kwa maneno yako."

Mtoto gani asingevimba kichwa? Bi Nyuzi alilibeba daftari lile kifuani kama hati ya nyumba. Na tuseme ukweli, alikuwa ameshachagua kabla hajaandika hata neno moja. Jekundu lilikuwa limemteka tangu lilipotoka kwenye mfuko wake.

Jumatatu aliandika: "La kahawia. Sauti si mbaya. Nyuzi zinalegea upesi. Vyuma vya shingoni vinakwaruza vidole." Yote yalikuwa kweli.

Jumanne ilikuwa siku ya deki. Sakafu ilikuwa bado na unyevunyevu alipoketi, miguu mitupu chini, akachomeka waya wa gitaa kwenye amplifaya kuukuu ya shule. Alipogusa nyuzi, mkono ulimruka wenyewe. Ilikuwa kama sindano nyingi ndogo zimemchoma kwa pamoja kuanzia kwenye kidole hadi kiwikoni. Akajaribu tena taratibu, likamng'ata tena. Aliogopa, lakini chini ya woga ule kulikuwa na kifuraha kidogo cha aibu. Aliandika kwa herufi kubwa: "LINA UMEME! LINAUMA! HALIFAI!"

Jumatano alipiga jekundu, sakafu ikiwa kavu. Lo! Sauti ilitoka safi, nyuzi hazikulegea, vidole viliteleza bila kukwaruzwa. Alijaza ukurasa mzima, mpaka akaanza kusifia na mkanda wake.

Kisha ikaja Alhamisi, siku ya deki tena. Bi Nyuzi aliketi kwenye kigoda kilekile, miguu mitupu kwenye sakafu ileile yenye unyevunyevu, akalipakata gitaa jekundu na kugusa nyuzi.

Likamng'ata.

Aliruka mpaka kigoda kikaanguka. Alibaki amelitazama gitaa lile zuri, haamini, kama mtu aliyezabwa kofi na rafiki yake. Kwenye kona ya chumba alikuwepo mpiga ngoma, kijana mnene wa maneno machache ambaye wenzake walimwita Gogo. Alikuwa ameacha kupiga.

"Na hilo nalo?" Gogo aliuliza.

"Nimeteleza tu."

"Umeteleza ukiwa umekaa?"

Bi Nyuzi alivaa viatu vyake vya soli ya mpira, sheria au si sheria, akagusa nyuzi tena. Safari hii halikumng'ata. Basi, akajiambia, limeshapona. Alifungua daftari, akashika kalamu. Akiandika kwamba nalo linauma, jekundu litarudishwa dukani na herufi zake za dhahabu, na hatalishika tena maisha yake yote. Aliandika: "Leo pia limelia vizuri sana." Halafu akalifunga daftari haraka, kama linaweza kumsengenya, na kuvirudisha viatu mlangoni.

Mwalimu alipoingia alilisoma palepale akiwa amesimama. "Umefanya kazi nzuri," alisema. "La kahawia lenye umeme hatulitaki. Tutachukua jekundu. Kesho mazoezi ukumbini na maiki, Jumamosi tunawapigia wazazi."

Bi Nyuzi aliitikia asante bila kumtazama, akaenda kuvaa viatu.

Jioni Mjomba, kaka yake mama, alirudi kutoka kazini. Alikuwa fundi umeme, na kila jioni alimwaga mezani mzigo wa mifuko yake: skrubu, vipande vya waya, bisibisi, na ile testa yake yenye kitaa kidogo kinachowaka kikikuta umeme. Kwa kawaida angeanza na utani. Siku hiyo aliketi bila hata kuvua buti.

"Vipi, kaka?" mama aliuliza bila kuacha kushona.

"Yule mama mwenye friji. Nilikuambia friji lake lilikuwa linamng'ata kila akifungua mlango. Hakuniita. Akawa analifungua kwa kitambaa. Mwezi mzima! Leo asubuhi kashika mlango wa friji kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukagusa bomba la maji. Umeme ukapita kifuani."

Mguu wa mama ulisimama juu ya cherehani. "Amekufa?"

"Amelazwa. Wanasema atapona, lakini mkono umeungua vibaya."

"Mjomba," Bi Nyuzi alisema, akijifanya anapanga skrubu, "na kama kitu kinang'ata kidogo tu? Kidogo sana?"

"Umeme hauna kidogo, mama. Leo una viatu, kesho huna. Leo umegusa kitu kimoja, kesho umegusa viwili." Mjomba akamkazia macho. "Nani kakung'ata?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Kabla Mjomba hajauliza tena, Chiriku aliingia na kuanza kupiga kelele zake. Chiriku alikuwa mdogo wake Bi Nyuzi, miaka tisa, mdomo haufungi. Yeye ndiye mwimbaji wa kikundi. Alishika kijiko kama maiki, akaimba ubeti mzima wa wimbo wao, na mwishoni akanyoosha mkono wa kulia hewani na kuushusha kwa nguvu. "Dzaaang!"

Hilo ndilo lilikuwa pigo lake. Walilibuni wenyewe: Bi Nyuzi angekamata nyuzi za gitaa shingoni, na Chiriku, maiki mkononi karibu na midomo, angezipiga nyuzi kwa mkono wa pili. Dzaang, wimbo umekwisha, watu wanapiga makofi.

Maiki mkono mmoja. Gitaa mkono wa pili.

Skrubu zilimponyoka Bi Nyuzi. Kwenye chumba cha muziki hawakuwa na maiki, walifanya mazoezi kwa kijiko hikihiki. Kesho ukumbini ingekuwepo maiki ya kweli, yenye spika zake, na ukumbi kila Ijumaa hupigwa deki.

"Chiriku," alimnong'oneza walipokuwa wakiosha vyombo, "kesho usiliguse gitaa. Imba tu."

"Eti nini? Hilo ndilo pigo langu! Mama anakuja kuliona!"

"Nakuomba."

"Una wivu," Chiriku alisema, akageuza uso. Kisha, alipoona dada yake anatetemeka midomo, akasema, "Haya, sawa." Lakini alisema sawa ile ya Chiriku, ambayo haijawahi kumzuia kufanya lolote.

Asubuhi Bi Nyuzi alipita mara tatu mbele ya ofisi ya walimu. Mara ya kwanza mwalimu alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akamtabasamia, na tabasamu lile ndilo lililomfukuza. Angemwambiaje mtu aliyemwamini namna ile? Angemtoa kwenye kikundi. Wenzake wangemwita mwongo mpaka amalize shule. Mara ya tatu hakusimama kabisa. Uji wake wa mapumziko alimwachia mwenzake.

Gogo alimfuata koridoni. "Umeandika?"

"Nitaandika."

"Lini? Nilikuona umeruka, Bi Nyuzi. Nimenyamaza nikidhani utasema mwenyewe."

Ukumbini sakafu ilikuwa inang'aa kwa maji. Viatu vya kikundi kizima vilikuwa vimepangwa mlangoni. Mwenye duka la muziki alikuwa amekuja kuchukua gitaa lake la kahawia, akaketi mstari wa mbele kusikiliza. Ile amplifaya kuukuu ilikuwa imebebwa hadi jukwaani. Mwalimu aliichomeka, taa yake nyekundu ikawaka.

"Mwalimu," Bi Nyuzi alisema kwa sauti ndogo, "naomba tuvae viatu."

"Sakafu ndiyo kwanza imedekiwa, binti yangu. Tuanze."

Alivaa mkanda wa gitaa jekundu. Alitafuta kigoda cha mbao, akapandisha miguu juu yake isiguse chini, mwalimu akadhani ni maringo ya jukwaani. Gogo alihesabu kwa vijiti vyake. Wimbo ukaanza.

Bi Nyuzi hakuusikia. Alimwona Chiriku tu: nyayo zake ndogo zikiacha alama kwenye maji, maiki ya chuma mkononi, mdomo wazi. Ubeti wa kwanza. Kiitikio. Ubeti wa pili. Kila mstari ulimsogeza Chiriku hatua moja karibu na gitaa, kama walivyopanga. Bi Nyuzi alimtikisia kichwa. Chiriku akamkonyeza. Ubeti wa mwisho. Chiriku alinyanyua mkono wa kulia juu kabisa, uso umejaa furaha, na mkono ukaanza kushuka.

"USIGUSE!"

Bi Nyuzi alijirusha nyuma na gitaa lake, akaanguka kutoka kigodani. Mkono wa Chiriku ulipita hewani bila kugusa kitu. Gitaa lililia vibaya, na mguu wa Bi Nyuzi ulipokanyaga maji, umeme ulimng'ata mkono kwa nguvu kuliko siku zote. Akauchomoa waya, akalitupa gitaa pembeni, akamkumbatia mdogo wake huku analia.

Mwenye duka alikuwa amesimama, mikono kichwani kwa ajili ya gitaa lake.

"Linauma," Bi Nyuzi alisema. "Jekundu nalo linauma. Liliniuma jana, sikuandika. Nimedanganya, Mwalimu. Nililitaka. Chiriku angelishika na maiki..."

Mwalimu alizima swichi kubwa ya ukutani. Hakugomba. "Yule mjomba wako fundi umeme yuko wapi leo?" ndilo neno pekee alilosema.

Mjomba alikuwa anafunga taa kwenye duka la mtaa wa pili. Alifika baada ya robo saa, jasho linamtoka. Aliwaamuru watoto wote washuke jukwaani na wavae viatu. Kisha yeye mwenyewe, amevaa buti zake nzito, akawasha umeme, akachomeka gitaa jekundu, na kugusa nyuzi kwa ncha ya testa. Kitaa kikawaka. Akachomeka la kahawia. Kitaa kikawaka vilevile. Akagusa chuma cha amplifaya yenyewe, bila gitaa lolote. Kitaa kikawaka.

"Magitaa hayana kosa," alisema. "Hata moja."

Alizima umeme, akachomoa plagi ya amplifaya, akaifungua kwa bisibisi. Ndani kulitakiwa kuwa na nyaya tatu. Mbili zilikuwa zimefungwa vizuri. Ya tatu, ile ya kijani na manjano, ilikuwa imekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi.

"Huu ni waya wa ardhi," Mjomba aliwaeleza watoto. "Umeme ukivuja ndani ya chombo, unakimbilia kwenye waya huu unashuka ardhini, na wewe unabaki salama. Ukikatwa, umeme unasubiri mtu mwenye miguu mitupu kwenye maji, unapita kwake. Na hii amplifaya imezeeka, inavujisha. Nani kaukata?"

Watoto walitazamana. Mwalimu wa muziki alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi," alisema.

Akaketi kwenye ukingo wa jukwaa.

"Ilikuwa inanguruma. Kila tukipiga, mmm, mmm, chini ya wimbo. Mpiga gitaa mmoja wa bendi akaniambia kata waya wa ardhi, mngurumo utakoma. Jumapili iliyopita nikakata, ukakoma kweli, nikajiona fundi." Alimtazama Chiriku. "Halafu nikawavua viatu."

Mjomba angeweza kumfokea, na hakuna ambaye angemlaumu, maana mtoto yule alikuwa mpwa wake. Badala yake alisema, "Wapiga muziki wengi wanafanya hivyo, Mwalimu. Ndiyo maana tunawazika wengine." Kisha akachuchumaa na kuanza kuifungua amplifaya yote.

Ilimchukua jioni nzima. Alitoa waya uliopasuka ganda, akaweka mpya, akarudisha waya wa ardhi mahali pake, akapima mara tano. Testa haikuwaka tena. Alipoiwasha, mngurumo mdogo ukasikika spikani. Mmm. Ulikuwa umerudi.

"Huo tutauvumilia," mwalimu alisema.

Akamletea Bi Nyuzi lile daftari jembamba. Bi Nyuzi alijua la kufanya. Chini ya ukurasa wa Alhamisi aliandika: "Jekundu nalo liliniuma. Sikuandika kwa sababu nililitaka." Machozi yalidondoka kwenye neno la mwisho. Mwalimu alichukua kalamu ileile, akaandika chini yake: "Nami niliukata waya, sikumwambia mtu." Akatia sahihi.

"Sasa piga yote mawili upya," alisema, "umevaa viatu."

Alipiga la kahawia, akapiga jekundu. Lilikuwa limechubuka pembeni kidogo kwa kuanguka, mwenye duka akanung'unika, lakini alipomtazama Chiriku akanyamaza. Bi Nyuzi aliandika polepole: "Jekundu lina sauti tamu zaidi. La kahawia si baya, ila vyuma vinakwaruza na nyuzi zinalegea. Yote mawili hayang'ati."

"Vyuma ni kazi ya tupa, na vile vya kukazia nyuzi ni kazi ya bisibisi," mwenye duka alisema, na hapohapo akakaa kuvirekebisha.

Basi shule ikachukua la kahawia. Fedha zilizobaki zilinunua swichi za usalama, zile zinazokata umeme zenyewe hatari inapotokea, moja ya chumba cha muziki na moja ya ukumbi. Bi Nyuzi alilitazama jekundu likirudishwa kwenye mfuko wake. Moyo ulimuuma, haukuacha kumuuma hata kidogo, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga mfuko.

Njiani kurudi nyumbani, Mjomba alimshika bega. "Jana nilikuuliza ukasema hakuna."

"Niliogopa, Mjomba."

"Najua. Na leo uliogopa mara mbili ya jana, ukasema. Kuogopa si kosa, mama. Kosa ni kuuficha woga kwenye daftari halafu mwingine aje aushike kwa mikono yake. Kazi ya kupima kitu ni kusema kilivyo, ukipende usikipende. Watu wataweka maisha yao juu ya neno lako."

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi. Nyuma ya pazia, wote wakiwa na viatu, mwalimu alikikusanya kikundi chake. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa mtu asiyelala.

"Kabla hatujatoka," alisema, "nitawauliza swali, na kuanzia leo nitaliuliza kila siku. Kuna yeyote anayeumwa na kitu? Kikubwa au kidogo, cha kweli au cha kudhani tu?"

Mkono mmoja mdogo ukanyanyuka.

"Mimi, Mwalimu," Chiriku alisema. "Kiatu cha kushoto kinanibana."

Gogo alicheka kwanza, wengine wakafuata, hata Bi Nyuzi. Mwalimu hakucheka. Alipiga goti mbele ya Chiriku, akafungua kamba za kiatu, akazilegeza moja moja, akazifunga upya, na kupapasa kwa kidole gumba kuona kama vidole vya mtoto vimepata nafasi.

"Bado?"

"Sasa hakiumi."

"Asante kwa kuniambia," mwalimu alisema, bado amepiga goti. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kitu kikikuuma, sema siku hiyohiyo, hata kama unakipenda, hata kama mwenye kosa ni mwalimu wako."

Kisha pazia likafunguliwa, amplifaya ikanguruma mmm, na Chiriku akatangulia mbele, maiki mkononi, akilisubiri pigo lake.